Fungu la Asiye na Pwani

Mfanyakazi wa kiwanda cha sukari au wa shamba la chai huenda akauliza: habari za bahari zatuhusu nini sisi? Kutoka Kampala hadi Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 1,100. Maji tunayoyajua ni ya Ziwa Victoria na ya Mto Nile, na samaki tunaowajua ni mputa, ngege na mukene.

Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba iko sheria ya dunia nzima, ambayo Uganda imeiridhia tangu 1990, inayosema kwamba nchi isiyo na pwani inalo fungu lake katika samaki wa bahari ya majirani zake. Fungu hilo limeandikwa katika kifungu cha 69 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari. Jinsi lilivyoandikwa, na nani amekuwa akila samaki hao muda wote huu, ndiyo habari tunayotaka kuieleza hapa.

MAILI TATU ZA MZINGA

Kwa miaka mingi mataifa makubwa yalishikilia kwamba bahari ya nchi yoyote yaishia maili tatu kutoka ufukoni. Yasemekana kipimo hicho kilitokana na umbali ambao risasi ya mzinga wa zamani iliweza kufika. Kupita hapo bahari ilikuwa "huru". Uhuru huo ulikuwa mtamu kwa mwenye meli. Mvuvi wa Lamu au Kilwa mwenye ngalawa na wavu wa kushona kwa mkono, na kampuni ya ng'ambo yenye meli ya chuma na vyumba vya barafu, wote walikuwa huru sawasawa, kama vile tembo na sungura walivyo huru kunywa katika kisima kimoja.

Nchi za Afrika zilipojitawala hazikukubali. Tanzania mwaka 1973 ilitangaza kwamba mpaka wake baharini ni maili 50. Kenya ilishika njia nyingine, na njia hiyo ndiyo iliyoshinda. Januari 1971, katika mkutano wa wanasheria wa nchi za Asia na Afrika mjini Colombo, mwanasheria wa Kenya, Frank Njenga, alitoa fikra mpya. Alisema meli za kila taifa ziendelee kupita kwa uhuru, lakini mali iliyomo majini na chini ya maji iwe ya nchi yenye pwani, kwa umbali mkubwa kuliko ule wa zamani. Agosti 1972 Kenya iliipeleka fikra hiyo kwa maandishi mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa, na kipimo kikawa maili 200. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, basi maili 200 ni kama kilomita 370.

Wakubwa walipiga kelele, kisha wakaanza kuhesabu faida yao wenyewe, maana nao wana pwani ndefu. Tarehe 10 Desemba 1982, huko Montego Bay katika nchi ya Jamaica, Mkataba ukatiwa sahihi, na maili 200 zimo ndani. Ulianza kutumika mwaka 1994. Joseph Warioba wa Tanzania, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, alikuwa miongoni mwa Waafrika waliokesha katika majadiliano hayo, na mwaka 1996 alichaguliwa kuwa mmoja wa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Sheria ya Bahari huko Hamburg. Mtu akikuambia kwamba sheria za dunia hutungwa na wazungu peke yao, msimulie habari hii.

KAMPALA, MACHI 1974

Lakini nchi zisizo na pwani ziliona hatari. Bahari iliyokuwa ya wote, hata kama ni kwa jina tu, sasa ilikuwa inakatwa vipande, na kila kipande kina mwenyewe. Je, wale walio bara watabaki wakitazama? Machi 1974 wajumbe wa nchi zinazoendelea zisizo na pwani, pamoja na wenzao wenye pwani isiyo na faida, walikutana hapa Kampala wakatoa tamko la kudai sehemu yao. Umoja wa Nchi Huru za Afrika nao ulikuwa umekubali, kwa ajili ya udugu wa Kiafrika, kwamba asiye na pwani ashiriki katika samaki wa jirani yake sawa na raia wa nchi hiyo yenye pwani.

Sawa na raia. Tafadhali tia alama maneno hayo, maana katika Mkataba wa 1982 hayamo.

Kilichomo ni haki ya kushiriki katika sehemu ya "ziada". Na ziada hupatikana hivi: nchi yenye pwani hupima ni samaki wangapi wanaoweza kuvuliwa bila kumaliza mbegu; kisha hupima yenyewe ina nguvu ya kuvua wangapi; wanaobaki ndio ziada. Kwa maneno mengine, mwenye chungu ndiye anayepima posho, ndiye anayesema ameshiba au hajashiba, halafu ndipo jirani aitwe. Hata akiitwa, sharti kwanza nchi hizo mbili zikae zifanye mapatano, na katika mapatano hayo huangaliwa wavuvi wadogo wa pwani wasije wakaumia. Jambo la mwisho ni haki kabisa. Hatuwezi kudai samaki wa Uganda kwa kumnyang'anya mvuvi wa Shimoni.

Kiko pia kifungu cha 72, ambacho wengi hawakijui. Kinasema kwamba fungu hilo haliwezi kukodishwa wala kupewa mtu wa tatu kwa leseni, isipokuwa nchi zinazohusika zikubaliane vingine. Maana yake Uganda haiwezi kuchukua haki yake ikaiuza kwa kampuni ya Uhispania na kutia fedha mfukoni. Yapasa iende ikavue. Kwa maoni yetu kifungu hiki ni chema, maana bila yake haki ya wananchi ingekwisha kuuzwa zamani na mtu mmoja mwenye kalamu. Ila kinataka meli, mabaharia waliofundishwa, na mapatano na Kenya au Tanzania. Rwanda na Burundi zimo katika hali hiyo hiyo ya kukosa pwani, na nchi tatu zikiungana zingekuwa na sauti kuliko moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ipo. Si kwamba hakuna baraza la kulizungumzia.

ZIADA ILIKWENDA WAPI

Wakati sisi tunasoma vifungu, wenye meli hawakulala. Katika miaka ya 1980 meli kubwa za Uhispania na Ufaransa zilitoka Atlantiki zikaja Bahari ya Hindi kufuata jodari. Kituo chao kikawa Victoria, mji mkuu wa Shelisheli. Nchi hiyo ina ardhi isiyofika kilomita za mraba 500, lakini bahari yake kwa kipimo cha maili 200 ni zaidi ya kilomita za mraba milioni moja na laki tatu.

Shelisheli ilifanya jambo moja la akili. Haikutosheka na ada ya leseni. Mwaka 1987 kiwanda cha kutia jodari katika makopo kilifunguliwa Victoria, na hata baada ya kubadilisha wenye hisa mara kadhaa, kiwanda hicho kimekuwa mwajiri mkubwa kuliko wote wa sekta ya binafsi nchini humo. Kazi ni ngumu, ya kusimama, na wafanyakazi wengi huletwa kutoka ng'ambo. Lakini kazi ipo. Upande wa bara, Tanzania kwa miaka mingi ilikuwa ikipokea ada ya leseni tu. Meli inavua mbele ya pwani ya Tanzania, inakwenda kushusha Victoria. Na kupasua, kupika, kufunga makopo na kupakia, zote hizo ni ajira za mahali pengine. Ada ya leseni ni kama kiingilio cha mlangoni: hulipwa mara moja, na mshahara wa mtu haumo.

Waliofanya kazi katika viwanda vya samaki vya Jinja na Entebbe hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mwaka 1999 Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, aliyeumia kwanza alikuwa mpasua samaki wa kibarua.

Na wapo wasiolipa hata hicho kiingilio. Machi 2009 meli iitwayo Tawariq 1 ilikamatwa katika bahari ya Tanzania ikiwa haina kibali, na tani karibu 300 za samaki zikiwa ndani. Iliyofanya doria ilikuwa meli ya Afrika Kusini, kwa ushirikiano wa nchi jirani. Waziri wa Uvuvi wakati huo alikuwa John Magufuli, na samaki wale waligawiwa kwa wananchi wakabaki na jina la "samaki wa Magufuli". Kesi ilikwenda polepole. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani nahodha na wakala wake; mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikawaachia huru, na meli ilikuwa imekwisha haribika bandarini. Kukamata mwizi ni kazi moja, kumshitaki kwa utaratibu unaosimama mbele ya majaji ni kazi nyingine, na ya pili ilishinda serikali.

MABOYA

Jodari hana pasipoti. Leo yupo Somalia, kesho Msumbiji. Kwa hiyo nchi zinazomvua zina chombo kimoja, Kamisheni ya Jodari wa Bahari ya Hindi, ambayo makao yake yako Victoria. Ugomvi mkubwa huko ni wa maboya. Meli hutupa baharini chelezo chenye kamba na nyavu chini yake. Samaki hupenda kukusanyika kivulini, na kifaa kilichofungwa juu hupeleka habari kwa njia ya setilaiti kwamba hapa wapo wengi. Meli inakuja, inazungusha wavu mrefu zaidi ya kilomita moja, na inabeba wote, wakubwa na watoto. Watoto wa jodari mwenye pezi la manjano huishia humo kabla hawajazaa.

Mwaka 2015 wanasayansi walisema jodari huyo amevuliwa kupita kiasi. Februari 2023 Kamisheni ilikutana Mombasa, na kwa kura ikaamua maboya yasitumike kwa siku 72 kila mwaka. Umoja wa Ulaya ulipinga. Nchi nyingine za bahari hii zikaufuata, Shelisheli mojawapo, maana kiwanda kinangoja samaki. Wapingaji walipopita theluthi moja ya wanachama uamuzi ukakosa nguvu. Mwaka 2024 huko Bangkok walipatana jambo dogo zaidi: kila meli ipunguze maboya kidogo kidogo kutoka 300. Mwisho wa mwaka huo hesabu mpya ya wanasayansi ilionyesha kwamba jodari wa pezi la manjano hahesabiwi tena kuwa amevuliwa kupita kiasi. Ni habari njema, lakini wenye meli wasiifanye ruhusa.

WALIOMO MELINI

Yabaki habari ya wafanyakazi wenzetu. Shirika la Kazi la Dunia, ILO, lilipitisha mwaka 2007 Mkataba namba 188 wa kazi ya uvuvi, ulioanza kutumika Novemba 2017. Unataka mkataba wa kazi wa maandishi, cheti cha daktari, umri usiopungua miaka 16, na mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24 kwa wanaokaa baharini zaidi ya siku tatu. Afrika Kusini ilikuwa ya kwanza duniani kuzuia meli kwa kuuvunja, mwaka 2018. Na Juni 2023 mabaharia wa Senegal na Ivory Coast walioajiriwa katika meli za jodari za Ulaya waligoma, wengine wakiwa katika bahari yetu hii, wakidai mshahara wa chini wa ILO ambao mikataba ya Ulaya yenyewe inautaja.

Jodari wao yuko madukani. Ukikuta kopo la jodari, ligeuze usome maandishi madogo. Makopo mengine huandikwa namba ya eneo alikovuliwa samaki. Namba 51 ni magharibi ya Bahari ya Hindi, kuanzia pwani ya Afrika Mashariki.