Divai nyekundu ya Italia na samaki wa Lualaba

Ndugu msomaji, wewe kijana unayechimba dhahabu kule Salamabila na kujitayarisha kwa harusi, labda mtu amekuambia kwamba meza ya wakwe haina heshima pasipo chupa ya divai nyekundu ya Ulaya. Kabla hujatoa gramu zako, sikia kwanza habari ya hiyo divai. Leo sisemi juu ya kunywa ao kutokunywa; kila nyumba inajua kanisa lake linafundisha nini. Nasema juu ya chakula.

Katika Italia zabibu inayopandwa kuliko zote inaitwa Sangiovese. Ndiyo inayotoa divai ya Chianti, kule Toscana: sheria inataka Sangiovese iwe asilimia 70 ao zaidi. Usifikiri ni tamu. Ni chachu sana, halafu inakaza ulimi kama pera bichi ao chai nzito isiyo na sukari. Huko kukaza kunatoka katika ganda na mbegu za zabibu. Ndiyo maana mtu wa Toscana anainywa akila nyama ya ng'ombe ya kuchoma, jibini ya kondoo, ao mchuzi wa nyanya. Nyama inashika ule ukali, mdomo unalainika, na uchachu unakata mafuta. Hapo ni tamu kweli, wanasema.

Sasa tuje kwenye meza yetu. Kuko wali wa Kasongo, mchele uliofika na Wangwana katika karne ya 19. Kuko sombe yenye mawese, samaki wa Lualaba, na pilipili. Kwa chakula hicho Sangiovese inashindwa. Pilipili ikikutana na kileo, moto unazidi mdomoni na divai inageuka chungu. Samaki ni mbaya zaidi. Divai nyekundu ina chuma kidogo, na chuma hicho kikikutana na mafuta ya samaki kinaleta harufu na ladha mbaya. Wataalamu wa Japani walilieleza jambo hili mwaka 2009. Basi wakwe watakunja uso na kusema umewaletea divai iliyoharibika, kumbe ni nzima kabisa! Na pesa imekwisha kwenda.

Kwetu kazi ya kukata mafuta inafanywa na ndimu, na mama zetu hawakuingia shule kwa kujua hilo. Kipande kimoja juu ya samaki, ngaingai kidogo katika mchuzi, inatosha.

Wengine wanauliza, mbona tusipande zabibu hapa Kabambare? Mzabibu unaogopa unyevu. Unastawi Dodoma, Tanzania, kwa sababu kule kiangazi ni kirefu. Mvua yetu ingeozesha vishada.

Na kama wakwe wameshikilia kabisa chupa iwepo, mwitoe pamoja na mbuzi wa kuchoma, pilipili ikae pembeni, mbele samaki hajafika mezani.