Nduthi ya 'Mwaka Ujao': Soma Hii Kabla Utoe Deposit

Ni mwezi wa kumi na moja, uko kwa duka ya nduthi na doh umesave mwaka mzima. Muuzaji anakushow, "Lipa deposit saa hii, modeli ya mwaka ujao nishaagiza." Sasa unajiuliza, mwaka ujao aje na huu haujaisha?

Inawezekana, si lazima akuwe anakubeba. Mwaka wa modeli na mwaka wa kutengenezwa ni vitu mbili tofauti. Kwa mfano Marekani, sheria inaruhusu kampuni kuanza kutengeneza modeli ya 2026 kuanzia Januari 2, 2025. So pikipiki inaweza kuitwa ya 2026 na ilitoka kiwandani mwaka mmoja nyuma.

Lakini muuzaji haamki tu na kuagiza. Lazima angoje kampuni ifungue oda, na kila kampuni iko na kalenda yake. Nyingi kubwa zinaonyesha modeli mpya kwa maonyesho ya EICMA pale Milan, Italia, kila Novemba. Harley-Davidson kwa miaka mingi walikuwa wanatangaza zao karibu Agosti, halafu 2021 wakahamia Januari. Hakuna tarehe moja ya dunia yote.

Hapa Kenya rada iko tofauti kidogo. Boxer na TVS nyingi zinakuja zikiwa vipande ndani ya makreti, zinashukia Mombasa, halafu zinaunganishwa hapa hapa. Duka ya mtaani haiongei na kiwanda India. Inaagiza kwa msambazaji, na huyo naye aliagiza miezi kadhaa mbele juu meli haiji na mbio ya boda. Kama msambazaji hajapewa tarehe, muuzaji wako pia hana. Anakisia tu.

Na nduthi za kazi hazibadiliki sana. Mara nyingi injini ni ile ile, kitu mpya ni rangi na stika.

Binamu yangu aliingia hiyo ngori. Alitoa deposit Novemba, akangoja hadi Februari bila kazi. Nduthi kufika, stika mpya, lakini logbook kusoma mwaka wa kutengenezwa ni ule uliopita. Siku ya kuiuza, mnunuzi aliangalia logbook, hakuangalia stika. Bei ikashuka hapo hapo.

So kabla utoe hata soo moja, uliza hivi:

1. Msambazaji amefungua oda, ama bado ni story?
2. Nini imebadilika? Kama ni rangi tu, chukua iliyoko dukani na uitishe punguzo. Mwisho wa mwaka wanataka kumaliza stoki.
3. Logbook itasoma mwaka gani wa kutengenezwa? Iandikwe kwa risiti.
4. Nikichoka kungoja, deposit inarudi yote?
5. Kama ni ya mkopo, malipo ya kila siku yanaanza lini? Yaanze siku umepewa funguo, si siku umesaini.

Akianza kuzunguka kwa hayo maswali, buda, toka na doh yako. Maduka ni mengi, na nduthi iko barabarani leo inakuletea unga. Ile ya mwaka ujao bado iko kwa kreti.