Kopo la skuli: chakula cha nyumbani kifike salama, na mtoto akile

Kwa sisi tunaolea watoto hapa Maskati, wiki ya skuli huanza Jumapili na kumalizika Alhamisi. Ni siku tano, na kwa nyumba yenye watoto watatu kama yangu ni makopo kumi na tano kwa wiki. Ukihesabu hivyo ndipo unapoona kwamba chakula cha skuli si jambo la kumalizia mlangoni huku basi linapiga honi nje. Ni mlo mzima wa mtoto, tena ule ambao anaula sisi hatupo.

Kwenye nyumba nyingi za jamaa zetu, njia ya mkato inajulikana. Mtoto anapewa baisa mia tatu, ajinunulie mwenyewe. Anachonunua nacho kinajulikana: krispi za pakiti, biskuti ya krimu, boksi la juisi. Si kwamba wazazi hawajali. Mama anatoka kazini amechoka, baba naye hivyo hivyo, na asubuhi kila mtu anatafuta soksi.

Nyumbani kwangu lakini kuna jambo linalonizuia kulichukulia hili kijuujuu. Mama mkwe wangu tunaishi naye, na ana kisukari mwaka wa kumi na mbili sasa. Sindano zake za insulini zinakaa kwenye mlango wa friji ileile ninayowekea chakula cha watoto. Asubuhi moja mwanangu wa mwisho, ana miaka sita, alisimama akimtazama anavyojidunga, akaniuliza: "Mama, na mimi nikikua nitajidunga kama Bibi?" Nikamwambia inshallah hutojidunga. Lakini kisukari cha aina ya pili hutembea kwenye familia, na uzito wa kupita kiasi huzidisha hatari. Damu hatuwezi kuibadilisha. Kopo tunaweza.

Hesabu ya sukari

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilisema sukari inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na ile iliyomo kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku. Ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi.

Tuifanyie hesabu ya jikoni. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,600 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 40, yaani vijiko vidogo kumi vya sukari. Asilimia 5 ni vijiko vitano. Sasa chukua boksi la juisi, ligeuze usome nyuma. Ziko nyingi zenye gramu 11 za sukari kwa kila mililita 100. Boksi la mililita 200 basi lina gramu 22, vijiko vitano na nusu. Na hapo bado hajala biskuti, bado chai ya maziwa ya alasiri, bado halwa aliyokuja nayo mgeni.

Serikali zenyewe zimeliona. Saudi Arabia na Imarati zilianza kutoza kodi ya asilimia 50 kwenye soda mwaka 2017. Oman ikafuata mwaka 2019, na mwaka 2020 ikavitia na vinywaji vyengine vyenye sukari. Uingereza nayo ina kodi yake tangu mwaka 2018. Lakini bei hata ikipanda, mtoto mwenye pesa mkononi bado atanunua.

Kwangu kinywaji cha skuli ni maji. Laban isiyo na sukari inaruhusiwa pia, ikiwa ya baridi. Juisi tunainywa nyumbani siku ya wageni, na tunda lenyewe linakwenda skuli likiwa tunda.

Karibu saa nne ndani ya begi

Hili ndilo ambalo jamaa wengi hawalipigii hesabu. Kopo linafungwa saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Mapumziko ya wanangu ni saa tatu na nusu. Chakula kimekaa ndani ya begi karibu saa nne, kidogo ndani ya basi, kidogo kwenye varanda la darasa.

Wataalamu wa usalama wa chakula wanasema vijidudu huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi joto 5 na 60. Chakula kinachoharibika upesi, kama nyama, samaki, mayai na maziwa, kisikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, saa moja tu. Sasa fikiria mwezi wa Mei hapa kwetu, siku inapofika nyuzi 40 na zaidi.

Kwa hivyo mimi chakula cha skuli nakitengeneza usiku, baada ya Isha. Kinalala ndani ya friji, asubuhi kinatoka kikiwa baridi sana. Chupa ndogo ya maji inalala kwenye friza. Asubuhi naiweka ubavuni mwa kopo, ndani ya kibegi chenye bitana ya kuhifadhi baridi. Ikifika saa tatu na nusu barafu imeyeyuka nusu, chakula bado baridi, na mtoto ana maji ya kunywa. Ukipenda kumpa chakula cha moto, chupa yake ya kuhifadhi moto itie kwanza maji yanayochemka dakika chache, uyamwage, kisha utie chakula kilichochemka sawasawa. Cha uvuguvugu usikifunge.

Na wali. Wali uliolala sufuriani jikoni usimpakilie mtoto, hata ukiupasha moto. Kuna bakteria anayeota kwenye wali ulioachwa nje, na sumu yake haiondoki kwa moto. Wali wa skuli uingizwe kwenye friji mapema, usiku uleule.

Kopo likirudi, litazame

Kopo linaporudi mchana, kabla ya kuliosha, litazame. Litakwambia mengi kuliko mtoto mwenyewe, maana ukimuuliza "umekula?" jibu ni "ndiyo, Mama".

Chungwa zima hurudi zima. Vidole vya mtoto wa darasa la kwanza haviwezi kulimenya, na mapumziko yenyewe ni dakika ishirini, na humo anataka kucheza. Limenye, ulitenganishe vipande, litaliwa. Tufaha lililokatwa hugeuka rangi ya kahawia na mtoto hulikataa, basi lipitishe kwenye maji yenye ndimu kidogo. Nyanya hulowesha mkate, iweke pembeni peke yake. Zabibu za mtoto mdogo zikate kwa urefu, zisimkabe.

Na samaki. Mwanangu wa kati, ana miaka tisa, aliwahi kurudi na katlesi zake za jodari siku mbili mfululizo. Siku ya tatu akasema kweli: wenzake wanaziba pua. Sikugombana naye. Jodari amehamia chakula cha usiku, na skuli anakwenda na kuku. Mtoto asiyekula hajalishwa, hata kopo likiwa na afya namna gani. Siku hizi kila usiku nampa chaguo la vitu viwili, si zaidi: "Katlesi za kuku au chapati ya dengu?" Akichagua mwenyewe, kopo hurudi tupu.

Wiki yetu ilivyo

Jumapili ni chapati ya unga wa ata, imepakwa jibini laini na kukunjiwa yai la kuchemsha na vipande vya tango. Kando yake karoti zilizokatwa vijiti.

Jumatatu ni katlesi za kuku. Nazioka kwenye oveni badala ya kuzizamisha kwenye mafuta, halafu zinaingia ndani ya khubz pamoja na majani ya saladi. Zinafaa hata zikiwa baridi.

Jumanne ni dengu za kuchemsha, zile ambazo wenyeji hapa wanaziita dango, zenye chumvi kidogo na bizari nzima. Ndani ya kopo naweka vipande vya chungwa. Hiyo si mapambo: vitamini C ya chungwa husaidia mwili kuyapata madini ya chuma yaliyomo kwenye dengu. Chai hufanya kinyume chake, ndiyo maana chai ya maziwa haiendi pamoja na mlo huo.

Jumatano ni viazi vitamu vya kuchemsha na mtindi. Hii imetoka kwa mama mkwe. Mwanzo aliniona nasumbuka bure. "Mwanangu, sisi Unguja tulikwenda skuli na muhogo wa kuchemsha na kipande cha nazi," aliniambia. "Nani aliyekuwa na kopo la vyumba vitatu?" Nikamjibu, "Kweli Mama, lakini nyinyi mlikwenda kwa miguu, na hawa wanashushwa mlangoni." Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Basi walau wape viazi vitamu." Tangu siku hiyo Jumatano ni yake. Anavichemsha mwenyewe, na mdogo anamsaidia kumenya.

Alhamisi ni siku ya kitu kitamu, maana mtoto naye ni mtoto. Mkate wa kumimina nimeupunguzia sukari kidogo kidogo, sasa natia nusu ya ile ya zamani, na hakuna aliyelalamika. Pamoja nao tende mbili au tatu na maji. Tende zina nyuzinyuzi na ndicho chakula chetu, lakini nazo zina sukari nyingi na hunasa kwenye meno. Mbili au tatu zinatosha.

Ukitazama wiki nzima, hakuna kitu cha kigeni humo. Ni kuku, mayai, dengu, viazi, matunda na mkate wa nyumbani, vitu ambavyo jikoni kwetu vipo. Vilivyobadilika ni mafuta, sukari, na kuwa chakula kinatengenezwa usiku. Inanichukua kama dakika ishirini na tano, na wakubwa wawili wananisaidia.

Jamaa mlio Uingereza na Marekani joto si tatizo lenu kubwa, lakini skuli nyingi huko haziruhusu karanga kwa sababu ya watoto wenye mzio. Ulizeni kabla ya kupakia korosho au kashata. Ufuta nao ulizieni.

Wapo watakaosema siku tano hawaziwezi. Sawa, anza na mbili, Jumapili na Jumatatu, siku ambazo chakula cha mwisho wa wiki bado kimo ndani ya friji. Siku zilizobaki mtoto akinunua, mfundishe angalau anunue maji badala ya juisi. Wiki ijayo ongeza siku moja. Na usiku wa leo, kabla hujalala, tia chupa ya maji kwenye friza.