Mtoto Mwenye Ugonjwa wa Figo Hakui: Je, Kipimo Kinasema Kweli?

Mzazi aliyeko Titye, Kasulu, akiona mwanawe amepitwa kimo na mdogo wake, huenda akadhani ni ukoo au lishe. Yawezekana. Lakini ikiwa mtoto huvimba uso asubuhi, mkojo umepungua, au ana upungufu wa damu usiokwisha, figo nazo zichunguzwe. Figo zikichakaa, mtoto hudumaa.

Kwa nini? Tezi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni ya ukuaji. Homoni hiyo huliamuru ini kutengeneza homoni nyingine, IGF-1, inayosaidia mifupa kurefuka. Kwa mgonjwa wa figo, homoni ya ukuaji huweza kuwa ya kutosha au hata kuzidi katika damu, kwani figo zimeshindwa kuiondoa. Basi wingi wake usikudanganye.

Tatizo lingine ni hili. IGF-1 hubebwa na protini maalumu ndani ya damu. Figo zikishindwa, protini hizo hurundikana na kuing'ang'ania homoni isifanye kazi yake. Maabara nako huvuruga kipimo: jibu laweza kuwa chini au juu ya ukweli, kutegemea njia iliyotumika. Kuzichuja kwa tindikali na spiriti huondoa nyingi, lakini zile ndogondogo, ambazo ndizo zimejaa kwa mgonjwa wa figo, hubaki. Njia nzuri zaidi ni kuongeza homoni ndugu yake, IGF-2, kwa wingi ili izishughulishe protini hizo, na IGF-1 ibaki huru kupimwa.

Mzazi ufanye nini? Kipimo hiki si cha zahanati, wala si cha kuanza nacho. Anza na mkojo, shinikizo la damu na kreatinini. Mpime mtoto kimo ukutani bila viatu kila miezi 3, uandike tarehe. Akipewa rufaa na kupimwa homoni, uliza njia iliyotumika, na marudio yafanyike maabara ile ile.

Marekani iliruhusu sindano za homoni ya ukuaji kwa watoto hawa mwaka 1993, lakini haziponyi figo. Kwanza hurekebishwa lishe, upungufu wa damu na tindikali iliyozidi mwilini. Hospitali ya Muhimbili nayo ilianza kupandikiza figo Novemba 2017.

Kwa hiyo, usikimbilie kununua dawa ya kurefusha mtoto kwa sababu ya karatasi moja ya maabara. Mpelekee daktari karatasi hiyo pamoja na vimo ulivyoandika.