Programu ikijifunga kwa kompyuta katikati ya malipo, fanya hivi

Umebonyeza "Lipa", programu ikajifunga ghafla. Pole, lakini usirudie malipo bado. Kilichozima ni programu kwa kompyuta yako. Ombi la malipo huenda lilikuwa limeshatufikia.

1. Angalia SMS na taarifa ya akaunti kwa simu. Ukipata nambari ya muamala, pesa ishaenda. Usipoipata, subiri kidogo uangalie tena kabla ya kujaribu upya.

2. Piga picha ujumbe wa hitilafu. Kwa Windows, ukiambiwa VCRUNTIME140.dll haipatikani, programu imekosa faili za Microsoft Visual C++ inazotegemea ili kufanya kazi. Zipakue kwa tovuti ya Microsoft pekee. Programu ya biti 32 inahitaji toleo la x86, hata kama Windows yako ni ya biti 64.

3. Hakuna ujumbe? Bonyeza Start, andika "reliability", ufungue historia. Alama nyekundu ya X itakuonyesha programu iliyojifunga na siku yenyewe.

4. Usipakue faili ya DLL kutoka tovuti usiyoijua. Unaweza kuingiziwa programu inayonasa kila unachoandika, nywila ikiwemo. Na mtu akikupigia eti atakurekebishia kompyuta, kata simu.

Bado inajifunga? Tutumie ile picha na saa uliyojaribu kulipa. PIN yako usimpe mtu, hata akisema ametoka kwetu.