Mwangwi kwenye gemu: anayejisikia siye mwenye kosa

Huku Pwani tukitaja Meru na Embu, mazungumzo huishia kwenye miraa na mugoka. Lakini wako watoto wetu wanaosoma kule, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru na Chuo Kikuu cha Embu. Usiku wengine huingia kwenye PUBG Mobile au Call of Duty wakacheza na wenzao wa Likoni, Malindi na Lamu. Kwa kijana aliye mbali na kwao, kikosi hicho ndiyo baraza yake. Ndiyo maana naona si jambo dogo kikivunjika kwa sababu ya maiki.

Ugomvi huanza hivi. Kijana wa Embu analalamika kwamba anaisikia sauti yake ikimrudia. Wenzake wanamjibu kuwa mtandao wa milimani ni mbovu, kisha wanamzima. Siku ya tatu haingii tena.

Nasema ameonewa. Mwangwi hauzaliwi na mtandao. Huzaliwa pale mchezaji mmoja anapofungua spika ya simu kwa sauti kubwa. Maneno ya mwenzake yanatoka kwenye spika, yanaingia kwenye maiki ya simu hiyo hiyo, na kurudi yalikotoka. Mtandao unayachelewesha tu, na kadiri yanavyochelewa ndivyo yanavyosikika wazi kama sauti ya pili. Kwa hiyo anayejisikia ndiye anayeumia. Mwenye kosa ni mwingine, na huenda amekaa zake Likoni akidhani kwake ni shwari.

Kumpata ni rahisi. Zimeni maiki moja moja huku mtu mmoja akiendelea kusema. Mwangwi ukikatika, aliyezima mwisho ndiye. Avae hedifoni za waya, na kama hana, apunguze sauti ya spika.

Matatizo mengine yana dalili zake:

Sauti inakatika au inakuwa kama ya roboti. Hapa ndipo mtandao unapohusika: vipande vya sauti vinapotea njiani. Sogea karibu na ruta au dirisha, na usimamishe video zinazopakuliwa na simu nyingine za nyumbani.

Sauti ni hafifu, kama ya mtu aliyezibwa mdomo. Kwenye simu nyingi maiki ni tundu dogo karibu na pa kuchajia. Ukiilaza simu ili ucheze, kiganja hukaa papo hapo. Geuza simu upande wa pili, angalia pia kama kava limeziba, na safisha vumbi kwa mswaki mkavu laini. Usichokoe kwa pini.

Sauti ilikuwa nzuri, ikaharibika ulipovaa hedifoni za Bluetooth. Maiki yake ikiwashwa, hedifoni nyingi hurudi kwenye mfumo wa simu za kawaida, ambao hupunguza ubora wa sauti. Tumia maiki ya simu yenyewe au rudi kwenye waya.

Sauti inavuma kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Hicho ni chumba: kuta za mawe zisizopigwa plasta, sakafu tupu, mabati juu. Tundika leso mbili au blanketi nyuma yako na usogeze maiki karibu na mdomo. Mvua za masika zikipiga mabati ya Meru, hakuna kitambaa kitakachosaidia. Hapo zima maiki na uifungue unapotaka kusema tu.

Hayo yote hayahitaji simu mpya, na mzazi asikubali kuombwa pesa ya simu kabla hayajajaribiwa. Nanyi vijana, kabla hamjamzima mwenzenu wa bara, jizimeni ninyi kwanza, mmoja mmoja, msikilize.