Ndege ya propela isionekane imezima mashine

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa KAR. Mwaka 1944 alikuwa Burma, kwenye bonde la Kabaw, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisonga mbele katikati ya mvua, barabara zote tope. Chakula chao kiliangushwa kutoka angani na ndege aina ya Dakota. Mama amekua na hadithi ya mngurumo wa ndege hiyo, lakini yenyewe hajawahi kuiona.

Nilikuwa Uingereza Juni 2019 niliposikia kwamba Dakota zaidi ya 20 zinakusanyika Duxford, karibu na Cambridge, kabla ya kuvuka kwenda Normandy kwa kumbukumbu ya miaka 75 ya D-Day. Nikabeba kamera. Ilikuwa Jumanne, tarehe 4. Mimi nimeshaswali Idi, mama Mombasa bado amefunga. Nikapiga picha mia kadhaa, zote kali, hata misumari ya bati unaihesabu. Jioni nikamtumia moja, naye ashafuturu. Akajibu: "Mwanangu, mbona imezima mashine?"

Mama alisema kweli. Mapanga ya propela yalikuwa yamesimama tuli, na ndege ikaonekana kama mwanasesere aliyening'inizwa kwa uzi.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeweka shata kwenye sehemu 1 ya 2000 ya sekunde, kama mtu anayepiga picha ndege za kijeti. Propela ya Dakota ikiwa kwenye mwendo wa safari huzunguka kama mara 20 kwa sekunde. Ndani ya muda ule mfupi panga moja husogea sehemu 1 tu ya 100 ya duara, na jicho halioni mwendo wowote. Ukishuka hadi 1/125, panga hufuta karibu sehemu 1 ya 6 ya duara, na hapo mzunguko unaonekana. Ukifika 1/60, kila panga limefuta theluthi nzima. Na kwa kuwa Dakota ina mapanga matatu kila upande, unapata duara kamili, laini kama moshi.

Tabu ni kwamba kwa 1/60 mkono wako nao unatikisika, na ndege inakimbia. Dawa ni kuifuata. Panda miguu, bana viwiko mbavuni, zungusha kiuno. Anza kuifuata ndege ingali mbali, bonyeza ikiwa mkabala nawe, na usisimame baada ya kubonyeza. Hapo ndipo wengi tunapoharibu. Mabawa yatoke makali, propela ififie. Nyingi zitaharibika tu, usivunjike moyo. Anza na 1/250, ukishazoea teremka.

Jua likiwa kali, shata ya polepole huingiza mwanga mwingi mno. Teremsha ISO hadi 100 na uzibane tundu la lenzi. Ikiwa bado ni nyeupe, funga kioo cheusi mbele yake.

Na simu? Simu nyingi huisoma picha mstari baada ya mstari, si yote kwa mpigo. Mpaka ifike mstari wa mwisho, panga limeshahama, ndiyo maana kwenye picha hujikunja kama ndizi. Hata zile ndege ndogo zinazotua Manda zitakutokea hivyo. (Ukitaka kufanyia mazoezi uwanjani pale, omba ruhusa kwanza. Askari wa uwanja hana muda wa kusikiliza habari za shata.)

Jumatano nilirudi Duxford, kwani siku ile ndiyo zilikuwa zinaondoka. Sikuwa na nafasi nyingine. Niliweka 1/60, moyo unadunda, maana kwa mwendo huo ungeweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Katika picha karibu 400, zilizofaa zilikuwa 11. Kwenye ile niliyoipenda, mkia umefifia kidogo, lakini propela zote mbili ni duara.

Mama ameichapisha na kuitundika ukumbini, kando ya picha ya babu. Wageni wakiuliza, yeye huanzia Kabaw.